Je, Wajua? Chumba na Msimu Kando ya Maziwa ya Momella

Maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yako mashariki mwa Mlima Meru, upande ambao ukuta wa kreta uliporomoka zamani. Ndiyo maana chumba cha loji kinachotazama magharibi huonyesha kreta iliyo wazi na koni ya majivu ndani yake, mandhari ya fahari ambayo haionekani ukiwa Arusha mjini. Dirisha la mashariki ni la Kilimanjaro, hasa alfajiri, kabla mawingu hayajatanda. Masika, Machi hadi Mei, huleta matope njiani. Juni hadi Agosti kuna baridi. Wakati huo, meko chumbani hufaa kuliko roshani pana. Kwa joto na anga safi, Januari na Februari ndiyo miezi ya kuchagua.