Unataka rauta Tunduma? Anza na mnara, duka baadaye

Unatoa hela dukani, unarudi nyumbani na rauta mpya. Boksi limeandikwa 300 Mbps. Unaweka laini, taa zinawaka zote. Halafu video inazunguka tu, na asubuhi ukiangalia salio, limeisha.

Kwa wakazi wa Tunduma, tatizo mara nyingi si rauta. Ni mpaka. Ng'ambo tu hapo ni Nakonde, Zambia, na mawimbi ya simu hayagongewi muhuri forodhani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza "rauta ipi kali?", jiulize kwanza nyumbani kwako unashika mnara gani.

Hizi hapa hatua za kufuata.

1. Jua unanunua rauta ya aina gani

Kuna rauta ya waya na rauta ya laini. Ya waya inasubiri intaneti iletwe na kebo ya faiba mpaka ndani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Tunduma kuelekea Zambia, lakini mkongo kupita mjini haina maana umefika sebuleni kwako. Kama kebo haijafika mtaani, unahitaji rauta ya laini.

Watu wengi wanaumia hapa. Rauta za mitumba za bei chee nyingi ni za waya, hazina sehemu ya kuweka laini. Igeuze, angalia tundu la laini kabla hujatoa hela.

2. Pima mtandao kwa simu yako kwanza

Azima laini za mitandao miwili au mitatu: Vodacom, Yas, Airtel, Halotel, TTCL. Weka moja moja kwenye simu yako ya 4G, kaa pale pale utakapoweka rauta, kisha pima spidi. Fanya hivyo mchana, halafu rudia saa mbili usiku wakati kila mtu yuko mtandaoni.

Matokeo ya saa mbili usiku ndiyo ukweli wako. Mtandao unaokimbia Mpemba unaweza kusuasua Majengo, na wa Vwawa ukawa habari nyingine kabisa. Usichague kwa kusikia jirani anasifia.

3. Usikubali rauta ivuke mpaka

Simu ikidaka mtandao wa Zambia unaona jina limebadilika, unashtuka. Rauta iko kabatini, haikwambii kitu. Matokeo ni mawili: intaneti inakata, au inatumia mtandao wa nje, yaani romingi, na salio linakwenda. Bando lako la ndani kwa kawaida halifanyi kazi upande ule.

Dawa yake ni dakika tano. Unganisha simu na rauta, fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya rauta (nyingi ni 192.168.8.1 au 192.168.1.1). Ingia kwenye mipangilio, tafuta "Data Roaming", zima. Kisha kwenye uchaguzi wa mtandao toa "Auto", chagua mwenyewe.

Angalizo: Airtel ipo Tanzania na ipo Zambia, hivyo jina peke yake linaweza kukuchanganya. Rauta ikionyesha namba, inayoanza na 640 ni ya Tanzania, inayoanza na 645 ni ya Zambia.

4. Usidanganywe na namba ya boksi

Ile 300 Mbps kwenye rauta nyingi za bei ya kawaida ni spidi ya Wi-Fi, yaani kati ya rauta na simu yako. Si spidi inayotoka mnarani. Ya mnarani angalia neno "Cat". Cat 4 mwisho wake ni 150 Mbps, Cat 6 ni 300 Mbps, na hizo ni za maabara. Nyumbani utapata chini ya hapo.

Muhimu zaidi ni masafa. 4G ya Tanzania inatumia zaidi masafa ya 700, 800 na 1800 MHz. Kwenye boksi yanaandikwa B28, B20 na B3. Rauta iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kukosa B20 kabisa, ikabaki pambo.

Ukikaa mbali na mnara, tafuta rauta yenye matundu ya antena za nje. Antena nzuri juu ya paa inaweza kukusaidia kuliko rauta ya gharama iliyofungiwa ndani.

5. Wi-Fi ya ndani: chukua yenye masafa mawili

Masafa ya 2.4 GHz yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri, ila yana msongamano. Ya 5 GHz yanakimbia lakini ukuta wa matofali ya kuchoma unayachosha haraka. Rauta yenye yote mawili inakupa uhuru: TV ya sebuleni 5 GHz, simu ya chumba cha nyuma 2.4 GHz. Wi-Fi 5 inatosha familia nyingi. Wi-Fi 6 ni nzuri kama vifaa vyako ni vingi na vipya.

6. Mahali pa kuiweka

Bati linazuia mawimbi, na kabati la chuma vilevile. Weka rauta juu, karibu na dirisha linalotazama mnara. Kwenye mipangilio angalia namba ya RSRP: -85 ni nzuri, -110 ni mbaya. Sogeza rauta taratibu, soma namba, hamisha tena. Mita mbili zinaweza kubadilisha kila kitu.

7. Umeme ukikatika je?

Wakala wa forodha anayetuma nyaraka za malori usiku hawezi kusubiri umeme urudi. Mwanafunzi anayejaza maombi ya chuo siku ya mwisho naye hivyo hivyo. Rauta nyingi zinatumia volti 12, kwa hiyo UPS ndogo ya rauta inaweza kukusogeza saa kadhaa. Lakini linganisha volti na ampea za rauta na za UPS kabla ya kuchomeka.

Ukifika dukani

Uliza maswali manne: Inakubali laini zote au imefungwa mtandao mmoja? Ina B3, B20 na B28? Imethibitishwa na TCRA? Nikiirudisha kesho kwa kuwa haishiki, inakuwaje? Kisha weka laini yako uijaribu hapo hapo, na udai risiti.

Ukiwasha nyumbani, badilisha nenosiri la Wi-Fi na lile la kuingilia kwenye mipangilio siku hiyo hiyo. La sivyo bando utanunua wewe, mtaa mzima utaangalia mpira.