Dawa ya Kila Siku

Mtoto mwenye virusi vya Ukimwi, akiwa anakula vema na kucheza na wenziwe, huweza kuuliza, "Kwa nini nimeze dawa kila siku, nami siumwi?" Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jawabu la kweli.

Virusi hivyo huingia katika chembe za damu ziulindazo mwili, huzaana humo na kuziharibu. Dawa walizo nazo waganga wa hospitali haziviondoi vyote mwilini. Kazi yake ni kuvizuia visizaane. Jambo hili lafanana na kuamia ndege katika shamba la mpunga. Mwamiaji akikaa juu ya dungu lake na kupiga debe, ndege hukaa mbali, lakini hawakufa. Akishuka kwenda kucheza, huteremka wote. Tena liko la pili, baya zaidi. Akipiga debe leo, akaliacha kesho, kisha akalipiga polepole, ndege hulizoea, hata siku ya kulipiga kwa nguvu hawashtuki. Ndivyo ilivyo kwa virusi. Dawa ikimezwa leo na kuachwa kesho, hubaki kidogo tu katika damu, na virusi huzaana mbele yake. Vingine hutokea vimebadilika, wala dawa ile haiviwezi tena. Hali hiyo huitwa usugu. Hapo hapana budi kutafuta dawa nyingine, na zifaazo watoto si nyingi.

Kwa miaka mingi watoto wadogo walipata taabu kubwa. Dawa yao mojawapo, lopinavir iliyochanganywa na ritonavir, ilikuwa ya maji, chungu mno, nayo ilitolewa asubuhi na jioni. Mtoto aliitema, mama akamimina tena, na pengine wote wawili wakalia. Mwaka 2020 kilikubaliwa kidonge cha watoto cha dolutegravir, chenye ladha ya tunda la stroberi, kiyeyukacho katika maji kidogo. Hutolewa mara moja kwa siku, pamoja na dawa nyingine. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuanza kukitumia, mwaka 2021.

Uchungu ukiisha, yabaki mambo ya saa. Watoto wengi waliofiwa na wazazi hulelewa na nyanya zao, na si kila nyanya ana saa ukutani. Yafaa dawa ifungamane na jambo lisilokosa kutukia: taarifa ya habari katika redio, adhana ya magharibi, ama kuku waingiapo kulala, nao katika nchi zilizo karibu na ikweta hawakosei sana. Ikisahauliwa, inywewe mara ikumbukwapo. Lakini ikiwa saa ya dawa ifuatayo imekaribia, isinywewe maradufu kama mtu alipaye deni.

Lakini liwashindalo wazee wengi si saa, bali ni neno lenyewe. Kwa huruma, au kwa kuogopa majirani, humwambia mtoto kuwa dawa ni ya kifua. Kifua kikipona, mtoto huiacha, wala hana kosa, maana amefuata alivyoambiwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa umri wa kwenda shule waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waelezwe kidogo kidogo, kwa kadiri ya akili zao. Aelezwe pia kwamba hakukosa neno. Wengi waliambukizwa tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au kwa maziwa ya mama.

Shuleni, hasa shule ya bweni, iko taabu ya chupa. Vidonge hulia ndani yake kama kayamba, na mabweni yana masikio. Wapo watoto waliotupa dawa ili tu wasiulizwe. Kula sahani moja na mtoto huyo, au kulala chumba kimoja naye, hakuambukizi. Mwenzake aliyefunzwa hivyo husikia chupa ikilia, akageukia ukuta, akaendelea kulala.