Mpiga mbizi wa dragi anapumua namna gani?
Kule Shabunda, Kivu ya Kusini, wapiga mbizi wa dragi wanashuka mu mto Ulindi kutafuta dhahabu, hewa ikiwafikia kwa tiyo kutoka kompresa ya juu. Kwenye mita 10 za maji, pumzi moja inakula hewa mara mbili kuliko juu. Na mutu wa kazi nguvu anataka zaidi tena! Akihema mbio-mbio, pumzi chafu inabakia mwilini: kichwa kinauma, akili inapotea. Asimame kwanza, apumue polepole, atoe hewa vizuri. Wenzake wa juu nao waangalie moshi wa motere usiingie mu kompresa, sababu uko na gesi ya sumu isiyo na harufu. Wakati wa kupanda asizuie pumzi hata kidogo: hewa inavimba, mapafu yanapasuka.