Useremala wa Programu: Warsha za Kompyuta kwa Watafiti wa Vyuo Vikuu

Mwaka 1998, katika maabara ya taifa ya Los Alamos nchini Marekani, Greg Wilson na Brent Gorda walianzisha mafunzo ya kompyuta kwa ajili ya wanasayansi, wakayaita Software Carpentry, yaani useremala wa programu. Jina hilo halikuwa la kubahatisha. Mhandisi hujenga daraja na ghorofa. Seremala hutengeneza mlango, meza na rafu. Wanasayansi waliokusudiwa hawakuwa na haja ya kuwa wahandisi wa kompyuta. Walihitaji ustadi wa kadiri, unaomwezesha mtu kujitengenezea chombo kidogo cha kazi yake, kikasimama imara, na mwingine akaweza kukikagua.

Hapo mwanzo mafunzo hayo yalichukua juma zima; baadaye yakafupishwa yakawa warsha za siku mbili. Mwaka 2014 ulizaliwa mpango ndugu, Data Carpentry, unaoshughulikia zaidi data za kila taaluma. Mwaka 2018 mipango hiyo miwili iliunganishwa kwa jina la The Carpentries, na wakutubi, waliokuwa na masomo yao wenyewe, wakajiunga mwaka huo huo.

Yaweza kuulizwa: mtafiti aliyekwisha kupata shahada zake, na ambaye hutumia kompyuta kila siku, afundishwe nini tena? Kisa kimoja cha wanauchumi chatosha kuwa jibu. Mwaka 2010 Carmen Reinhart, wa Chuo Kikuu cha Maryland, na Kenneth Rogoff, wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali. Humo walionyesha kwamba nchi ambazo deni lao lilizidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na wastani wa ukuaji wa uchumi ulio chini ya sifuri, yaani kupungua kwa asilimia 0.1. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliyatumia makala hayo kutetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, alijaribu kuhesabu upya, akashindwa kupata jibu lile lile. Akawaomba waandishi jedwali lao la kompyuta, nao wakampa. Ndipo ilipoonekana kwamba hesabu ya wastani iliishia mstari wa 44 badala ya wa 49, na nchi tano zikaachwa nje. Ni haki kusema kwamba kosa hilo peke yake halikubadili jibu kwa kiasi kikubwa. Yaliyobadili zaidi ni baadhi ya miaka kutoingizwa katika hesabu, na namna nchi zilivyopewa uzito. Herndon na walimu wake waliporekebisha yote, wastani ulifika asilimia 2.2 juu ya sifuri. Waandishi walikiri kosa la jedwali, ingawa waliendelea kutetea maoni yao.

Jambo la kuzingatia hapa si kwamba wataalamu walikosea. Kosa lilikaa miaka mitatu bila kuonekana kwa sababu hatua za hesabu zilikuwa zimefichika ndani ya vyumba vya jedwali, na msomaji wa makala hakuwa na njia ya kuzifuata. Warsha zinazoelezwa hapa zinafundisha kinyume cha hali hiyo: kila hatua, tangu data mbichi hadi jibu la mwisho, iandikwe kama programu inayosomeka.

Masomo huwa matatu. La kwanza ni amri za Unix. Wanafunzi hupewa kisa cha kubuni cha mtaalamu wa viumbe wa baharini aliyerudi safarini na vipimo vya sampuli 1520. Ikiwa kila faili lahitaji nusu dakika, kazi itapita saa 12, naye hana budi kukaa mbele ya mashine akifungua moja baada ya jingine. Kwa mistari michache ya amri, kompyuta yaifanya kazi hiyo yenyewe. La pili ni programu ya Git, inayotunza matoleo yote ya kazi pamoja na tarehe na sababu ya kila badiliko. La tatu ni lugha ya kuandikia programu, ama Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ama R, iliyobuniwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland. Vyombo vyote hivi hupatikana bila malipo, na kwa vyuo visivyo na fedha jambo hilo si dogo.

Mwalimu haonyeshi programu iliyokwisha kukamilika. Huiandika papo hapo, wanafunzi wakimfuata kila mmoja kwenye mashine yake, na akikosea hulirekebisha kosa mbele yao. Kila mwanafunzi ana vikaratasi vya gundi vya rangi mbili: kimoja hubandikwa kwenye kompyuta kuonyesha kwamba amemaliza zoezi, kingine kwamba amekwama, na wasaidizi humwendea bila yeye kupaza sauti. Profesa aliyezoea kusimama ubaoni huenda akaona haya kubandika kikaratasi cha kukwama mbele ya wanafunzi wake. Haya hiyo hupungua anapoona vikaratasi kama chake vimeenea chumba kizima.

Mtaalamu wa lugha asidhani kwamba haya ni ya wanasayansi tu. Tuseme mtafiti ataka kuhesabu matumizi ya kitenzi -enda katika matini ndefu. Kompyuta ikiambiwa itafute herufi hizo nne, italeta anaenda na walikwenda. Lakini italeta pia penda, tenda na kalenda, huku ikiacha twende na haendi. Kiswahili hubeba sarufi yake mwanzoni na mwishoni mwa neno, kwa hiyo anayetafuta lazima aandike ruwaza inayotaja viambishi vinavyoruhusiwa mbele ya mzizi na irabu zinazoweza kuufunga. Kuandika ruwaza ya namna hiyo ni kazi ya sarufi hasa, na wakutubi huifundisha katika warsha zao.

Ugumu huzidi katika matini za Kongo. Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, haifuati tahajia sanifu, wala haigawi maneno kama vitabu vya shule vinavyoyagawa. Anayetaka kuhesabu maneno humo hana budi kuamua ni maumbo yapi ahesabu kuwa neno moja. Akisahihisha kwa mkono, faili moja baada ya jingine, maamuzi yake hupotea, na pengine sauti ya mwandishi hupotea pamoja nayo. Akiyaandika katika programu, matini asilia hubaki kama ilivyo, na mwenzake wa Bukavu au Dar es Salaam aweza kupinga uamuzi mmoja, akaubadili, akahesabu tena.

Hata hivyo siku mbili ni chache. Asiyeitumia amri baada ya warsha huisahau, hasa akiwa peke yake idarani. Kuhusu umeme na intaneti dhaifu, mfano wa karibu watoka kwa H3ABioNet, mtandao wa Kiafrika wa taaluma ya kompyuta katika biolojia. Mwaka 2016 mtandao huo uliendesha kozi ya miezi mitatu katika vituo 20 vya nchi 10 za Afrika. Mihadhara ilirekodiwa mapema, kila kituo kikaipakua kwa wakati wake. Wanafunzi walikutana darasani mara mbili kwa juma, wakiwa na wasaidizi wa hapo hapo, na mkufunzi akaunganishwa nao kwa maswali tu.

Masomo ya The Carpentries nayo yaruhusiwa kunakiliwa, kubadilishwa na kufasiriwa, mradi chanzo kitajwe. Tafsiri ya Kihispania ipo. Anayetaka kuyafasiri kwa Kiswahili atakutana kwanza na istilahi, na kazi hiyo haiwezi kufanywa na wataalamu wa kompyuta peke yao.