Koti, Upepo na Mstari wa Nyuzi 35

Kiangazi kikishika, tangu Januari hadi mvua ya masika inapokaribia, swali ni lile lile: "Daktari, na jua hili la Kisaju, si afadhali nitoe koti nipate upepo?" Huliuliza vijana wa boda wa steji za Kitengela, Kisaju na Isinya, huliuliza wenye pikipiki zao wanaokwenda kazini Athi River, na wote huliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujijibu, anayetafuta tu muhuri wa mtaalamu. Muhuri huo hawaupati. Si kwamba upepo haupozi, maana unapoza. Ila swali lenyewe limeelekezwa pasipo na shida. Linauliza habari za pikipiki inayokimbia, ilhali mwili wa mwendeshaji huzidiwa na joto pikipiki inaposimama.

Tuanze na upepo wenyewe, maana ndio unaosifiwa kupita kiasi. Ngozi ya mtu aliye juani huwa na joto la nyuzi 35 hivi. Hewa iliyo chini ya hapo ikimpiga, humpokonya joto. Iliyo juu ya hapo humwongezea. Mstari ni huo, na hauna siri nyingine. Kisaju iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa Februari kipimajoto kilichowekwa kivulini huchezea karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo mwanaboda anayepiga kilomita 50 kwa saa katika barabara ya Namanga anasema kweli anapodai kuwa anapoa: hewa hiyo ina joto pungufu kuliko ngozi yake, na kasi inaifanya ichukue joto mara kadhaa zaidi ya hewa iliyotulia. Lakini hapo hapo ndipo hoja yake inapoanguka. Upepo alio nao kwa kasi hiyo ni mwingi kuliko anaouhitaji. Sehemu ndogo tu yake, ikiingilia shingoni na mikononi na kutokea mgongoni, inamtosha. Kuvua nguo ili apate upepo zaidi ni kudai kitu ambacho tayari kimemzidi.

Sasa mchukue mtu huyo huyo, mpe mzigo wa kupeleka Magadi. Atapita Kiserian, atafika Kona Baridi, kisha ataanza kuteremka Bonde la Ufa hadi mita 600 hivi. Hewa hupata joto la nyuzi 6 hadi 10 kwa kila mita 1,000 za kuteremka, kwa hiyo aliyeondoka na nyuzi 29 atakutana na 36 au 38 bila jua kuwa limebadilika. Huko mstari umevukwa. Upepo uliokuwa ukimpoza sasa unamwekea joto mwilini, na kadiri anavyokaza kasi ili apoe ndivyo unavyomwekea zaidi. Kinga anayobaki nayo ni jasho peke yake. Aliyevua koti Kisaju akaona raha, akaja kulivua tena Oltepesi, kwenye njia hiyo ya Magadi, kwa kuwa raha ile anaikumbuka, ametumia kanuni ya mahali pamoja kujidhuru mahali pengine. Ndiyo maana jibu la "nitoe au nisitoe" haliwezi kuwa moja kwa kaunti ya Kajiado, yenye uwanda wa juu na shimo la Bonde la Ufa ndani ya mpaka mmoja.

Na kuna jua lenyewe, ambalo wapenda upepo hulisahau kana kwamba ni taa tu. Mwili uliokaa kitako huzalisha joto la kama wati 100. Jua la saa sita mchana hapa karibu na ikweta, mbingu zikiwa wazi, humwaga kama wati 1,000 juu ya kila mita mraba ya ardhi. Mtu aliyeketi juu ya pikipiki hapokei zote, lakini mabega, mapaja na mikono yake huweza kupokea joto linalolingana na analolizalisha mwenyewe au kulizidi. Nguo iliyolegea hulipokea joto hilo kwa nje, mbali na ngozi, na hewa inayopita kati ya kitambaa na mwili hulichukua kabla halijafika ndani. Hili limepimwa. Mwaka 1980, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Shkolnik, Taylor, Finch na Borut juu ya kanzu nyeusi za Mabedui: mtu alisimama juani jangwani akiwa na kanzu nyeusi, kisha nyeupe, kisha sare ya kijeshi, kisha kaptura peke yake. Kanzu nyeusi ilinasa joto jingi kuliko nyeupe, lakini joto lililofika kwenye ngozi lilikuwa sawa, kwa sababu lile la ziada lilipeperushwa njiani. Kabla ya hapo, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kundi la Adolph kutoka Chuo Kikuu cha Rochester lilipima askari katika jangwa la California na kukuta kwamba waliovua nguo juani walitoka jasho jingi kuliko waliovaa. Nami sifichi kasoro: yule wa kanzu alisimama tu, wala hakuwa na pikipiki. Lakini kusimama tu juani ndiyo nusu ya kazi ya boda. Tena huhitaji kwenda jangwa la Mabedui au California. Finch huyo huyo alipima hapa Afrika Mashariki jinsi pofu na kongoni wanavyohimili joto, wanyama ambao wameishi kwenye nyanda za Athi na Kaputiei kwa karne nyingi kabla ya lami, na hakuna aliyewaona wakijichuna manyoya mwezi wa pili.

Hapa hutokea pingamizi la kwanza: hayo ni ya Wazungu, sisi ngozi yetu nyeusi inahimili jua. Inahimili nini? Rangi ya ngozi huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile inayounguza na kuleta saratani, na hiyo ni faida ya kweli mahali ambapo kipimo cha miale hiyo adhuhuri hupita 11, ngazi ambayo Shirika la Afya Duniani huiita ya kupindukia, na ambapo kila mita 1,000 za mwinuko huiongeza kwa asilimia 10 hivi. Lakini joto si urujuanimno. Kwa upande wa joto, ngozi nyeusi hurudisha mwanga mchache na kunasa mwingi. Anayejivunia ngozi yake kama sababu ya kuendesha kwa singlendi amechanganya kinga mbili, moja anayo na nyingine hana.

Pingamizi la pili lina uzito, na ningependa liulizwe mara nyingi zaidi kuliko lile la kwanza: "Koti langu mimi linanipika kweli." Naam, linakupika. Koti wanalovaa wengi ni mtumba ulioshonwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya, lenye sponji ndani na bitana ya nailoni isiyopitisha mvuke. Lilinunuliwa kwa sababu ya asubuhi za Julai, ambazo Kitengela zinauma, likavaliwa alfajiri, na mwenyewe akabaki nalo hadi saa nane. Wengine hulivaa kinyumenyume, mgongo wa koti ukiwa kifuani, ili upepo usipite kabisa. Kwa saa kumi na moja alfajiri huo ni ubunifu mzuri. Kwa saa saba mchana, jasho linabaki ndani likiwa maji, na jasho lisilogeuka mvuke halipozi chochote. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi, sawa na joto la zaidi ya saa sita za mwili uliopumzika. Lita hiyo hiyo ikichuruzika hadi kwenye soksi ni hasara tupu. Kwa hiyo mwenye koti la sponji ana haki ya kulalamika, ila analalamikia koti moja na kuhukumu makoti yote. Kati ya blanketi la Ulaya na mikono mitupu kuna nguo tele.

Pingamizi la tatu ni lile lisilosikia hoja: "Lakini mimi nasikia baridi nikilitoa." Unasikia kwa ngozi. Hali ya joto la ndani, la damu na viungo, ngozi haikuelezi vizuri, na ukavu wa hewa yetu huzidisha udanganyifu huo. Katika hewa kavu ya Kajiado jasho hukauka likitoka tu, wala halionekani. Mwendeshaji hujiona mkavu, hujiona hajatoka jasho, basi hanywi maji. Wale askari wa Adolph waliachiwa maji wanywe wapendavyo, na bado walirudisha sehemu tu ya maji waliyopoteza, kwa sababu kiu hufika ikiwa imechelewa. Dalili ya mapema si kuzirai. Ni uzito wa mawazo. Mwaka 2015 watafiti wa Loughborough, Uingereza, waliwaweka madereva kwenye mtambo wa kuigiza barabara: waliopungukiwa maji kidogo tu walifanya makosa zaidi ya mara mbili ya waliokunywa vya kutosha. Kundi lilikuwa dogo, na walikuwa madereva wa magari. Lakini kosa la kuchelewa kushika breki, ambalo mwenye gari hulilipa kwa bampa, mwenye pikipiki hulilipa kwa mwili.

Mwili wenyewe, tukiwa hapo, ungekutana na lami ukiwa na nini? Sitalirefusha hili, kila mwenye kovu la kiwiko analijua. Nitagusa helmeti tu, kwa kuwa wale wanaovua koti kwa ajili ya upepo huishia kuitundika helmeti kwenye kioo cha pembeni, wakisema inachemsha ubongo. Haichemshi. Ubongo hupozwa na damu inayoupitia. Kichwa ndani ya helmeti kinakera, kinawasha na kinatoka jasho, lakini hakipikiki. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yaliona kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sheria ya Trafiki ya Kenya, kifungu cha 103B, inaidai pamoja na jaketi la riflekta, kwa dereva na abiria, na haikuandika "isipokuwa Februari".

Basi joto linampata wapi mwanaboda? Linampata steji, akiwa ameketi juu ya tangi saa nzima akingoja abiria, koti limefungwa hadi kidevuni, injini ya safari iliyopita ikimfukizia mapajani. Linampata kwenye msongamano wa Kitengela, kati ya malori mawili, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hapo hana upepo, na hapo ndipo koti lingestahili kutolewa. Mazoea yetu yamepinduka: tunalivaa tukiwa tumesimama na kulivua tukiwa tunakwenda. Na tiba zinazouzwa steji ni mbaya kuliko mazoea. Maziwa hayapozi damu wala hayafui vumbi la mapafu; yanaingia tumboni, si kifuani. Kinywaji cha kutia nguvu kina kafeini na sukari nyingi, humwamsha mtu asiyejua kuwa amechoka, na hakizidi maji kwa kupoza. Muguka ndio mbaya zaidi kwa siku kama hizi, kwa kuwa huongeza mapigo ya moyo na joto la mwili huku ukimwondolea mtu hamu ya kupumzika. Anayetafuna muguka juani ili avumilie jua ameongeza kuni.

Ya kufanya ni machache na hayana gharama kubwa. Koti la asubuhi liwe la asubuhi, lifungwe nyuma ya kiti jua likipanda; mchana vaa shati refu la pamba lililolegea, juu yake jaketi jepesi, lenye matundu ukilipata, zipu imeshushwa kiganja kimoja shingoni na mikono haikubanwa, ili upepo uingie na utokee mgongoni. Safari ndefu ikikungoja, lowesha tisheti, ikamue, ivae ndani ya jaketi hilo: katika hewa kavu ya Kisaju na Bisil hupoza vizuri hadi ikauke, uilowanishe tena; Mombasa, penye unyevu, usitegemee makubwa. Ukiteremkia Magadi fungua kidogo, funika zaidi, na ulowe mara nyingi, au nenda alfajiri. Helmeti nyeupe ni bora kuliko nyeusi, na vaiza uiinue ukisimama. Kunywa maji kabla ya kiu, vikombe viwili vitatu kila saa ya jua kali, pamoja na chakula chenye chumvi. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa. Steji isiyo na mti ijengewe paa la mabati na iwekwe jerikani la maji, na vyama vyenu vinavyochangisha kila wiki vinaweza hilo bila kumngoja mwanasiasa. Ukiumwa kichwa, ukisikia kichefuchefu au misuli ikikaza, shuka, kaa kivulini nusu saa, kunywa. Na mwenzenu akianza kusema yasiyoeleweka, akipepesuka au kuanguka, ngozi ikiwa moto, hicho ni kiharusi cha joto, awe anatoka jasho au hatoki: mvueni koti na helmeti, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea hapo hapo alipo, msimnyweshe chochote kama hajitambui, na mmoja wenu apige simu ya kutafuta gari la hospitali wakati maji yanaendelea kumwagwa.