Kabla ya kulaumu rezo: mahali tatu pa kuangalia

Wandugu, usiku mmoja hapa Mulongwe nilikuwa na dosie ya kazi ya kutuma kabla ya saa sita. Ordinatere ilishika wifi ya simu yangu vizuri, lakini kurasa zilikataa kufunguka. Nikalaumu rezo, nikanunua mega zingine. Bure! Saa sita ikapita.

Sisi watu wa kilimo tunajua: maji yasipofika shambani, unafuata mfereji kuanzia chanzo. Koneksio pia ni hivyo.

Kwanza, simu. Fungua ukurasa kwenye simu yenyewe. Ukikataa, shida ni mega ama rezo. Huku kwetu mpakani, simu inaweza kushika rezo ya Burundi. Ingia kwenye mipangilio, uchague yako wewe mwenyewe.

Pili, kati ya simu na ordinatere. Jina la wifi halionekani? Ordinatere nyingi za zamani zinashika tu 2,4 GHz. Kama simu inatoa 5 GHz, badilisha. Jina liko lakini inakataa? Iambie ordinatere isahau ile wifi, kisha andika neno la siri upya.

Tatu, ordinatere yenyewe: angalia tarehe. Betri ndogo ya ndani ikikufa, umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na kurasa zenye usalama zinakataa kufunguka. Yangu ilikuwa inaonyesha 2009! Kurekebisha ni dakika moja.

Ile kazi ilinipita. Wewe isikupite: jaribu leo, usingoje usiku wa mwisho.