Fahamu: Je, kusomea uhandisi wa programu bado kuna ajira?

Hofu ya kukosa ajira haikuanza na ChatGPT, programu ya akili unde iliyotoka Novemba 2022. Septemba 2019 kampuni ya Andela iliwaachisha kazi takriban watengenezaji programu 400 wachanga Kenya, Uganda na Nigeria. Wateja wake walitaka wazoefu. Akili unde imelikuza tatizo lilelile: inaandika upesi misimbo rahisi ambayo mhitimu mpya alikuwa akipewa ajifunzie kazi. Lakini hukosea, tena kwa kujiamini ajabu, na mteja akikatwa pesa mara mbili kwenye M-Pesa lazima awepo mtu wa kujua hitilafu iko wapi. Ujuzi huo haupatikani kwa mihadhara tu. Kabla ya kulipa karo, uliza kozi ina miezi mingapi ya mafunzo kazini.